Anaenda chuo kusomea simu? Kozi ya midia dijitali, kinagaubaga

Kila mwaka matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yakishatoka na KUCCPS, shirika linalowagawia wanafunzi nafasi za vyuo, ikafungua mlango wa kuchagua kozi, mtaani kwetu Majengo, Mombasa, huanza msimu wa maswali. Safari hii swali lilinikuta jioni nikinunua viazi karai. Jirani yangu Mama Zuhura alinivuta kando kama mtu anayetaka kuniuliza habari za ugonjwa. Bintiye amepata C, amejaza fomu, na kozi aliyoiweka ya kwanza inaitwa uzalishaji wa midia dijitali.

"Wewe kazi yako si ni hii ya mavidio? Hebu nambia ukweli, mwanangu. Huyu mtoto aenda chuo kusomea simu?"

Nilicheka, lakini sikuwa na jibu la sentensi moja. Usiku huo, kwenye kahawa tungu pale Makadara, nikalitupa swali lile kwa waliokuwapo. Kijana mmoja akasema hiyo ni kozi ya kompyuta. Mwenzake akabisha, huo ni uanahabari. Mzee aliyeshika kikombe akakata shauri kwamba ni kupiga picha za harusi kwa jina la kizungu. Nikaona afadhali niketi niandike, maana mkanganyiko huu huwagharimu watu ada na miaka.

Tuanze na jina. Midia ni njia zinazobeba ujumbe: sauti, picha, video, maandishi, michoro inayotembea. Dijitali maana yake ni cha tarakimu, kilichogeuzwa kuwa namba. Uzalishaji ni kukitoa kitu kwenye wazo mpaka kimfikie aliyekusudiwa. Watu hulikodolea macho neno dijitali kwa sababu ndilo linalong'aa. Kwa maoni yangu, baada ya zaidi ya miaka kumi kwenye kazi hii, uzito wa kozi umelala kwenye neno uzalishaji. Hata hivyo hilo la dijitali tusilipite kwa mguu mmoja, kwani hata wanaolitumia kila siku wengi hawajui ndani yake mna nini.

Bahari ndani ya daftari

Chukua bahari ya Kilindini. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, polepole, bila kuruka hatua. Sauti nayo ni hivyo hivyo: hewa hupanda na kushuka mfululizo, ila kwa kasi kubwa mno. Mashine za zamani ziliunakili mfululizo huo kama ulivyo, kwenye mfereji wa santuri au utepe wa kaseti.

Sasa chomeka mti wenye alama za sentimita karibu na gati, na kila nusu saa uandike maji yamefika wapi. Siku ikiisha mpigie simu binamu yako aliye Nairobi, umsomee namba zako. Akiziweka kwenye karatasi na kuziunganisha nukta kwa nukta, atapata mchoro wa bahari ulio sahihi, na hakuna tone la maji lililopanda basi. Hiyo ndiyo dijitali: unapima, unaandika namba, unazipeleka, na upande wa pili zinajengwa upya.

Ndani ya mfano huohuo limo kosa ambalo mwanafunzi hufundishwa mapema. Ukipima mara moja tu kila saa 12, kila ukienda utayakuta maji karibu palepale, na binamu yako ataapa kwamba Mombasa mna ziwa. Vipimo vikiwa vichache mno, namba hudanganya. Sikio zima la binadamu husikia mitetemo mpaka kama 20,000 kwa sekunde, na kanuni inataka vipimo vizidi maradufu ya hapo. Ndiyo sababu muziki wa CD hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na sauti ya video mara 48,000.

Picha ni vipimo pia. Fremu moja ya video ya HD kamili, yaani picha moja tuli kati ya zile zinazofuatana, ina vinukta 1,920 kwa 1,080, yaani zaidi ya milioni mbili. Kila kinukta kina namba tatu, ya wekundu, ya kijani na ya buluu, kila moja kati ya 0 na 255. Televisheni yetu ilirithi mtindo wa fremu 25 kwa sekunde, unaokwenda sambamba na umeme wetu wa hezi 50. (Simu nyingi huja zimewekwa fremu 30, na hapo ndipo hutokea ule ugonjwa wa video kupepesa kwenye ukumbi wenye taa za bei rahisi. Kamera haijaharibika. Haipatani na taa tu.) Piga hesabu sasa: kila namba hula baiti moja, basi ni baiti milioni sita na ushei kwa fremu, mara 25, mara sekunde 60. Dakika moja tu ingekula zaidi ya gigabaiti tisa. Hakuna bando la kubeba mzigo huo.

Basi video inapitaje kwenye simu? Inabanwa, na hapa daftari la madeni la dukani linaeleza vizuri kuliko kitabu chochote. Mwenye duka ameandika: Bi Asha, sukari kilo moja. Kesho yake Bi Asha akikopa kilekile, mwenye duka hajisumbui kuandika upya, huchora vijistari viwili vya "vivyo hivyo" chini ya maneno ya jana. Programu ya kubana video hufanya hayohayo. Mtu anaongea mbele ya ukuta. Ukuta haujasogea tangu fremu iliyopita, basi panaandikwa vivyo hivyo, na namba mpya zinatolewa kwa midomo na macho tu. Mpige picha mtu yuleyule mbele ya mnazi unaochezeshwa na upepo na kila jani litataka namba zake. Faili likibaki na nafasi ileile, picha itaanza kumeguka vipande vipande. Anayejua hili huchagua ukuta au mnazi kwa makusudi, kulingana na mahali kazi itakapoonyeshwa.

Na kwa kuwa tuko Mombasa: namba hizo zikitoka hapa kwenda ulimwenguni hupita chini ya bahari yetu hii. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilitua hapa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010. Vijana wanaolalamika kwamba kila kitu kiko Nairobi wamekaa juu ya mlango ambao Nairobi yenyewe huutumia.

Mahamri hayaanzi kwenye mafuta

Anayepita barabarani alfajiri huona karai, mafuta yanachemka, mahamri yanafura, akadhani kazi ni kukaanga. Mpishi ajua kwamba kazi ilianza jana: unga ulikandwa kwa tui, hamira na iliki vikatiwa, ukafunikwa ukalala. Unga usipolala vizuri, mafuta hayana la kusaidia.

Kupiga picha ni kule kukaanga. Kabla yake kuna maandalizi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya kozi na ndiyo wanafunzi huichukia. Tuseme hoteli fulani ya Nyali inataka video ya dakika mbili inayoonyesha mgeni akivuka Likoni kwenda pwani ya kusini. Kabla hujagusa kamera una maswali ya kujibu. Video ni ya nani, na itatazamwa kwenye simu iliyosimamishwa au kwenye televisheni ya ukumbini? Kivuko ni mahali pa ulinzi, huwezi kufungua stendi ya kamera ukaanza tu. Ruhusa inatoka wapi, na itachukua siku ngapi? Upigaji wa filamu una leseni yake chini ya Sheria ya Filamu na Maonyesho ya Jukwaani, Sura ya 222. Ukitaka picha za juu kwa droni, kuna kanuni za mwaka 2020 zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na mbele yako ni bandari. Jua litakuwa wapi? Sisi tuko kama nyuzi nne tu kusini ya ikweta, saa sita mchana jua husimama utosini na kuchimba mashimo meusi machoni mwa kila mtu. Kwa hiyo unapiga mapema asubuhi au baada ya alasiri, na mchana watu wanakula. Hayo yote huandikwa: skripti, orodha ya picha zinazohitajika, ratiba, bajeti.

Baada ya kupiga kuna uhariri, kisha usambazaji. Uhariri wengi huuona kuwa ni kukata na kuunganisha, nami nisingewalaumu, hivyo ndivyo unavyoonekana ukiwa nyuma ya mgongo wa mhariri. Lakini weka uso wa mvuvi anayetazama mbali. Baada yake weka picha ya wavu mtupu, na mtazamaji ataona huzuni. Uondoe wavu, weka mtoto akikimbia mchangani, na uso uleule utaonekana una mapenzi. Mvuvi hakubadilisha hata ukope. Mwongozaji filamu wa Urusi, Lev Kuleshov, aliujaribu mchezo huu karne moja iliyopita, na hadi leo ndio msingi wa kila tangazo unalolitazama. Maana huzaliwa kwenye kiungo kati ya picha na picha, na kozi nzuri humkalisha mwanafunzi kwenye viungo hivyo wiki kwa wiki. Vibonyezo vya programu hujifunza mwenyewe jioni moja kwenye YouTube.

Somo ambalo hakuna anayelitaka

Kama ningeambiwa nibakishe somo moja katika kozi nzima, ningebakisha sauti. Mtazamaji husamehe picha yenye giza kidogo, husamehe hata kamera inayotikisika. Sauti mbovu humfukuza kabla ya sekunde ya kumi.

Na Mombasa ni mji mgumu kwa sauti. Upepo wa kusi ukishaanza, kuanzia mwezi wa nne hivi, mahojiano yoyote ya ufuoni hugeuka kuwa mngurumo. Maiki ya kamera haijui kwamba wewe unataka maneno. Nayo hupokea kila kinachoisukuma, na upepo husukuma kuliko mtu. Dawa ni kile kifuniko cha manyoya, maiki ndogo ya kubana kifuani iliyofichwa ndani ya nguo, au kuhama tu ukaenda nyuma ya ukuta. Kuna tuktuk. Kuna kunguru, na mgeni asiyewazoea kunguru wa Mombasa hawezi kuelewa kwa nini mtu mzima anarusha kijiwe mtini katikati ya kurekodi.

Halafu kuna adhana. Si kelele, wala hakuna anayetaka inyamaze, lakini mhariri huiogopa kwa sababu ya kiufundi. Umemhoji bibi mmoja Kibokoni kwa dakika ishirini. Katikati ya jibu lake zuri kuliko yote adhana ya laasiri ikaanza, mkaendelea tu. Mezani unataka kuikata sentensi yake ya kwanza uiunganishe na ya tatu. Haiwezekani: chini ya maneno yake adhana inaruka kutoka neno moja hadi jingine, na kila Mwislamu anayetazama atashtuka. Jibu zuri limekufa. Aliyefundishwa husimamisha kamera, husubiri, kisha humwomba bibi arudie. Pia kabla ya kuondoka huwaomba watu wote wanyamaze nusu dakika, arekodi ukimya wa chumba: feni, mtaa kwa mbali, friji. Ukimya huo hutandazwa baadaye chini ya mikato yote ili masikio yasihisi pengo. Nimeona wenye nyumba wakitazamana wakati huo, wakidhani tunasoma dua.

Hivi ndivyo vitu ambavyo chuo hukupa ambavyo simu haikupi. Si siri, mtu anaweza kuvijua peke yake. Mimi mwenyewe vingine nilivijua peke yangu, kwa gharama.

Moja ya gharama hizo niitaje. Miaka yangu ya mwanzo nilirekodi harusi, nikarudi nyumbani usiku wa manane, nikaziingiza kadi kwenye laptopu, nikalala. Asubuhi kulikuwa na kazi nyingine. Nikaifuta kadi niliyodhani nimeshainakili. Nilikuwa nimenakili moja mara mbili. Ya nikaha ndiyo iliyokwenda. Sitaeleza mazungumzo yaliyofuata na babake bwana harusi. Itoshe kwamba pesa nilirudisha zote na mtaa ule niliuzunguka kwa mwaka. Chuoni hufundishwa kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikae mahali pengine kabisa. Hesabu yake pia hufundishwa. Kamera inayorekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde hula megabaiti 375 kwa dakika, kwa kuwa baiti moja ni biti nane. Saa moja ni gigabaiti 22 na nusu. Kamera mbili kwa saa nne ni 180. Mara tatu. Bei ya diski hizo uiweke kwenye ankara ya mteja tangu mwanzo, la sivyo utailipa wewe.

Picha ya nani?

Hapa pana jambo ambalo vitabu vya kozi vilivyoandikwa mbali hulipitia haraka, na kwetu ndilo zito. Siku ya kupamba, bibi harusi hukaa mbele ya wanawake peke yao, nywele wazi, hina mpaka viwikoni. Mlangoni simu hukusanywa. Anayerekodi ni mwanamke, anayehariri lazima awe mwanamke, na faili haliruhusiwi kuonekana na jicho jingine. Picha moja ikivuja, haiharibiki biashara tu. Kuna ndoa zilizoingia msukosuko. Wasichana walio na ujuzi wa kurekodi na kuhariri wanatafutwa mjini humu, na Mama Zuhura nilipomweleza hili alinyamaza kidogo, nikaona ameanza kupiga hesabu.

Kwa hiyo ridhaa husomwa kama somo. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, picha inayomtambulisha mtu ni data yake binafsi, na biashara inayoihifadhi ina wajibu juu yake. Hakimiliki nayo ina mtego ambao wapiga picha wengi hawaujui. Wengi huamini kwamba aliyebonyeza kitufe ndiye mwenye kazi daima. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Karatasi ya ukurasa mmoja iliyotiwa saini kabla ya kazi ina thamani kuliko lenzi mpya. Muziki ni vivyo hivyo: taarabu uliyoinunua kwa ajili ya kusikiliza hujainunua kwa ajili ya kuiweka chini ya tangazo la duka la samani, na YouTube yaweza kuizima sauti hiyo kabla mwenye duka hajaiona.

Yanayosemwa barazani

"Ni kozi ya walioanguka." Mfumo wa Kenya una ngazi zake: kwa kawaida diploma, ngazi ya sita, hudai C-, cheti cha ngazi ya tano hudai D, na chini ya hapo kuna ngazi za ufundi zinazopokea hata aliyepata chini zaidi. Anayeanzia chini hupanda. Mtindo wa sasa hupima umahiri, yaani yale ambayo mwanafunzi anaweza kuyafanya. Humwambia kama ameweza au bado, na sehemu ya ushahidi wake ni mkoba wa kazi alizozifanya kwa mikono yake. Kwa fani hii naona hilo ni jambo jema, maana hakuna mteja aliyewahi kuniomba cheti. Wote huomba kuona kazi.

"Ni uanahabari." Ni majirani wanaopitiana uani. Mwanahabari hutafuta ukweli wa jambo na kuutolea taarifa, na Baraza la Vyombo vya Habari ndilo humpa kitambulisho cha kazi. Mzalishaji anaweza kutengeneza taarifa hiyo, lakini pia tangazo, somo la mtandaoni, kipindi cha redio, mawaidha ya Ijumaa, video ya kuwaelekeza mabaharia jinsi ya kuvaa jaketi la kuokolea maisha. Mtoto anayetaka kuuliza maswali magumu viongozi, mpeleke uanahabari. Anayetaka kujua kwa nini kipindi kile kilimliza, huyu ni wetu. Na kozi ya kompyuta ni nyumba nyingine kabisa: kule hujifunza kuziunda programu, huku tunazitumia.

"Simu inatosha." Ni kweli zaidi kuliko walimu wengi wanavyopenda kukiri. Simu nzuri, maiki ya bei nafuu na dirisha lenye mwanga vinatoa kazi ya kuuzika. Ukumbini usiku, au unapotaka kumvuta karibu mchezaji aliye ng'ambo ya uwanja, simu hushindwa, maana kihisi chake cha mwanga ni kidogo kama ukucha. Lakini mwenye kamera ya laki tano asiyejua mwanga unatoka wapi atashindwa na mtoto mwenye simu anayejua. Na kamera za bei nazo zina adui wetu wa pwani: unyevu. Lenzi iliyoachwa kwenye mkoba wa kitambaa huota ukungu ndani ya kioo. Ifungie kwenye kopo lisiloingiza hewa pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya, ambavyo watu huvitupa.

"Atatajirika YouTube." Ili mtu agawiwe mapato kamili ya matangazo, YouTube hudai wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au mamilioni ya kutazamwa kwa video fupi. Akifika huko, Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya asilimia tano inayokatwa kwenye malipo ya maudhui ya mtandaoni kwa mkaazi wa Kenya. Wapo wanaoishi kwa njia hiyo. Wengi zaidi ninaowajua mimi hulipwa na mtu: hoteli, shirika la misaada, redio, kampuni ya bandarini, kampeni za siasa zikifika, na harusi, harusi, harusi.

"Akili unde imeshaua kazi hiyo." Imeua baadhi ya saa zangu, na sizililii. Kusafisha sauti yenye feni, kutafuta klipu moja kati ya mia tatu, kuandika maneno chini ya video, siku hizi mashine huanza na mimi humalizia. Lakini mpe mashine mzee wa Kuze anayesema "ndia" kwa njia na "mato" kwa macho, uone vituko vitakavyoandikwa. Na mashine haitakwenda kumbembeleza bibi wa Kibokoni arudie jibu lake baada ya adhana. Inaweza kutengeneza sura ya bibi asiyekuwapo, hilo ndilo la kutisha, na ndiyo sababu vyuo vinavyojielewa sasa vinafundisha jinsi ya kuitambua video ya uongo na kulinda ushahidi wa faili la asili.

Ukienda kuchagua

Sitataja chuo. Kozi hii huuzwa kwa majina mengi, uzalishaji wa filamu, utangazaji, midia anuwai, mawasiliano ya kidijitali, na jina lilelile laweza kuwa na masomo tofauti kabisa ng'ambo ya barabara. Hakikisha chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi, na ujue ni nani anayetahini. Omba orodha ya masomo ya kila muhula. Uliza atachi, yaani mafunzo ya kazini, hufanyika wapi na nani anaitafuta, chuo au mwanafunzi. Wenye uwezo wa kusafiri huangalia pia Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya, iliyoko Nairobi tangu 1961. Na asiye na ada kwa sasa asikae nyumbani: pale Swahilipot, Mji wa Kale, na kwenye redio zetu za mjini wapo walioanza kwa kushika nyaya tu.

Lakini nilimpa Mama Zuhura maswali mawili ya kwenda nayo, nikamwambia mengine ni mapambo. La kwanza: kamera na maiki zinazofanya kazi ni ngapi, na wanafunzi ni wangapi? La pili: nionyesheni kazi ya mwanafunzi wa mwaka jana, tangu mwanzo mpaka mwisho.

Alikwenda vyuo viwili kwa siku moja, na bintiye nyuma. Jioni alinikuta palepale kwenye viazi. Cha kwanza, akasema, kina viyoyozi na mabango makubwa ya watu wenye kamera, wakampa soda. Kabati la vifaa lilikuwa limefungwa na mwenye ufunguo hayupo. Cha pili kilimkalisha kwenye benchi la mbao saa nzima. Kabati lilikuwa wazi na halina kitu, na mwalimu hakuonekana.

"Wako wapi?" nikamuuliza.

"Ati wako Marikiti tangu asubuhi, darasa zima. Wanarekodi sauti ya kitunguu kikikaangwa." Akanitazama vizuri. "Huko ndiko?"